Arobaini Zisizo na Jina

Sehemu ya Nne

Mara ya mwisho niliwaacha mlangoni mwa ofisi ya mchungaji, nami nimesimama na daftari kwapani, nikisubiri kuitwa ndani nieleze zilipo shilingi themanini na nne za watoto. Aliyeikosa sehemu ile asihangaike kuitafuta. Habari yenyewe ni fupi, na nitaieleza kama ilivyokuwa.

Jina langu ni Manase. Mwaka 1954 nilikuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili katika usharika wetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Makambako, upande wa Kitandililo. Nilikuwa pia mtunza hazina, na karani wa Baraza la Wazee. Kazi tatu, mshahara mmoja, na nyumba ya vyumba viwili ambayo ilikuwa mali ya kanisa.

Watoto wetu walikuwa sitini na watatu. Walisomea katika kibanda cha nyasi kilichovuja. Baraza likaamua kwamba sadaka ya mavuno ya watoto iende yote kwenye mabati: mabati ishirini na sita kwa shilingi nane kila moja, na misumari ya shilingi nne. Jumla mia mbili na kumi na mbili.

Jumapili ya tarehe 11 Julai watoto wakaleta walivyolima wenyewe. Maharage, ulezi, viazi, mayai, na jogoo mmoja mwekundu. Vikanadiwa uwanjani baada ya ibada.

Kwetu anayeshinda mnada wa kanisa mara nyingi hakichukui alichonunua. Hukirudisha mezani kiuzwe tena. Jogoo yule aliuzwa mara saba kabla ya adhuhuri. Asiye na fedha mkononi hutamka ahadi, na ahadi huandikwa, na iliyoandikwa uwanjani mwa kanisa huhesabiwa kuwa fedha. Hivyo ndivyo walivyofanya makarani walionitangulia. Nami nikafanya hivyo hivyo.

Nilijumlisha taslimu na ahadi. Nikapeleka taarifa kwa wakuu wetu Njombe kwamba shilingi mia mbili na kumi na mbili zimepatikana. Wazee walipofungua sanduku siku kumi baadaye, walikuta mia moja ishirini na nane.

Hapo ndipo jina langu lilipoanza kutajwa kisimani.

Kanuni ya usharika ilikuwa wazi. Nikishindwa kueleza, ningesimamishwa mbele ya watu wote, watoto wangu wa Jumapili wakiwamo, na kutengwa na meza ya Bwana. Baraza likiona sifai kabisa, ningeachishwa kazi. Na asiye na kazi ya kanisa hakai katika nyumba ya kanisa.

Kabla sijaingia ofisini, nieleze jambo moja dogo la asubuhi ile ya Alhamisi, tarehe 5 Agosti. Nyumbani kwangu nilikuwa na kanuni niliyojivunia: fedha za kanisa hazizungumzwi. Mke wangu Getruda hakujua hata siku moja sanduku lina kiasi gani. Nilipokuwa nikifunga vifungo vya koti, aliacha kukoroga uji akaniambia, "Baba Tabea, kuna neno la kanisa nataka kukuuliza."

Nikamjibu kwamba neno la kanisa liishie kanisani.

Ilikuwa mara ya tatu tangu mavuno kumjibu hivyo. Akarudia kukoroga uji. Binti yetu Tabea, wa miaka minne, alikuwa amekaa karibu na moto, amevaa sweta jipya la rangi ya kahawia. Nikaenda zangu.

*

Ndani walikuwamo watatu. Mchungaji Hezekia alikuwa amekaa nyuma ya meza. Mzee Efraimu, mwenyekiti wa Baraza, alikaa kulia kwake. Aliwahi kuwa karani katika baraza la mtemi, na kuuliza maswali ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko kula. Kushoto alikaa Mzee Methusela, amejifunika blanketi, amelisogelea jiko la mkaa kama mwenye mali yake.

Mzee Efraimu aliniambia nisome ahadi ambazo hazijalipwa, jina na kiasi.

"Mzee Methusela," nikasoma. "Shilingi ishirini."

Mzee Methusela akakohoa. Akasema anasubiri magome yake ya miwati, yale yanayouzwa kwa watengeneza ngozi, yapimwe.

"Magome hayo yanapimwa tangu Pasaka," Mzee Efraimu akasema.

"Mwenyekiti, jogoo yule nimemnunua mara mbili na sijaonja hata paja. Nionee huruma."

Mchungaji alificha tabasamu. Akaniambia niendelee.

Nikasoma Mika, fundi baiskeli wa Makambako, shilingi kumi na mbili. Nikasoma wengine wanne, shilingi tatu kila mmoja. Mzee Efraimu alikwisha kuwafuata wote, na wote walikubali deni. Jumla arobaini na nne. Nikafunga daftari.

"Umeacha mstari mmoja," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Usome."

"Shilingi arobaini."

"Za nani?"

Nikalisukuma daftari mbele yake.

Akalichukua daftari, akaligeuza kuelekea dirishani. Safu ya kiasi ilikuwa na arobaini. Safu ya jina ilikuwa na mstari mfupi wa kalamu, hakuna zaidi.

Nitaeleza mstari ule ulitoka wapi. Mnada ulipokwisha siku ile, wazee walikwenda kula nyumbani kwa mchungaji. Nilibaki mezani na vikapu tisa vya watoto ambavyo havikupata mnunuzi. Akaja Fidelia, mama mmoja mcheshi wa jirani, akauliza mabati yamepungukiwa kiasi gani. Nikamwambia arobaini. Akaondoka, akazungukia nyuma ya kanisa, akarudi baada ya dakika chache.

"Aliyenituma anachukua vikapu vyote kwa arobaini," akaniambia. "Jina unalijua. Mimi sikutajii, na wewe hutanitajia."

Nilijua. Aliyekuwa nyuma ya kanisa alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu mwanamume hamtaji mama wa mkewe kwa jina. Hali chakula mbele yake, haketi naye chumba kimoja, hapokei kitu kutoka mkononi mwake. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Siku ya ndoa yangu, daftari la kanisa lilipohitaji majina ya wazazi wa bibi harusi, kalamu niliiweka chini na mchungaji akaandika mwenyewe. Hata leo sitaliandika jina hilo hapa, na mhariri wa gazeti hili amenikubalia.

Wasomaji wa pwani watauliza kwa nini sikusema tu, "Ni mkwe wangu." Jibu ni kwamba kusema hivyo mbele ya wazee kungekuwa kumshtaki. Ningekuwa mkwe aliyesimama barazani na kumwita mama yake mdaiwa. Niliona ni afadhali kunyamaza na kungoja alipe.

Mzee Efraimu hakungoja.

"Mimi naliona hivi," akasema, akigonga daftari kwa kidole. "Mtu aliahidi arobaini. Mtu huyo akalipa. Mwalimu akazipokea. Kisha akaona, jina likibaki, mwenye jina ataulizwa na atasema amelipa. Basi jina likawa mstari."

Lazima niseme ukweli: ilikuwa hoja nzuri. Ningekuwa kwenye kiti chake ningeitoa mimi.

"Sikuzipokea," nikasema.

"Basi mtaje tumuulize."

Nikatikisa kichwa.

Mchungaji Hezekia akainua mkono. Alisema kuna jambo ambalo hakutuambia. Jumatatu iliyopita nilimtajia kwamba ahadi ile iliniletea Fidelia, na Fidelia alikuwa amekwenda Kifanya kumwuguza binti yake aliyejifungua. Mchungaji alikuwa amemtuma Mika na baiskeli. Mika amerudi muda ule ule, yuko nje anakunywa maji.

Mika akaitwa. Vumbi lilikuwa limempaka hadi kwenye nyusi. Akatoa kofia, akawasalimu wazee mmoja mmoja, halafu akanitazama mimi kwa namna ya mtu anayejizuia kucheka.

"Fidelia anawasalimu," akasema. "Nilipomweleza kilichonipeleka, alicheka mpaka mtoto akaamka. Anasema mmuulize mwalimu, nani aliyemzalia mke."

Kisha Mzee Methusela akaanza kutikisika ndani ya blanketi.

Mchungaji akajipiga paji la uso. Akasema alipaswa kujua, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika jina lile siku ya ndoa.

Hata Mzee Efraimu alilegea. Akatuambia kwamba yeye amekaa na mkewe miaka thelathini na minane na jina la mama mkwe halijapita mdomoni mwake. Bibi huyo alipougua, yeye ndiye aliyepelekwa zahanati kuomba dawa. Mganga akauliza jina la mgonjwa. Akamjibu, "Mgonjwa wa nyumba ya tatu baada ya daraja." Dawa ikaandikiwa jina hilo.

Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Sasa umetupotezea siku nne na pumzi ya Mika," Mzee Efraimu akasema, ila sauti yake haikuwa na ukali. "Mstari huu tutauandikia 'mkwe wa mwalimu', naye ataombwa alipe kama wengine. Jambo limekwisha."

Lilikuwa limekwisha kwa muda wa robo saa. Nimepima.

*

Kina mama walikuwa uwanjani, maana Alhamisi ndiyo siku yao ya kupiga deki kanisa. Mchungaji akamtuma Mika amwombe mama mkwe wangu afike. Hakuingia. Alikuja mpaka dirishani upande wa nje, akasimama ametupa mgongo. Mimi niligeuza kiti changu, nikautazama ukuta.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, mama," wazee wakaitikia.

Mchungaji akamweleza kwa upole kwamba kuna ahadi yake ya mavuno, shilingi arobaini, na kwamba hakuna haraka wala lawama.

"Mchungaji, ahadi hiyo nimekwisha kuilipa."

Niliona ufa ukutani ambao sikuwahi kuuona kabla.

"Umelipa lini, mama?" Mzee Efraimu akauliza.

"Jumatano ya wiki ile ile ya mavuno. Niliuza magome yangu, nikapewa noti mbili za ishirini. Nikazifunga kwenye kitambaa changu cheupe."

"Ukampa nani?"

"Sasa ningempa nani? Nimpe mkwe wangu mkononi? Nilimpa mwanangu amfikishie. Nikaomba na risiti. Risiti sijaiona, lakini sikuuliza. Mkwe haulizwi."

Mzee Methusela alikuwa ameacha kucheka. Mkaa ulipasuka ndani ya jiko.

"Mwanao yupi, mama?" Mzee Efraimu akauliza, ingawa alijua. Alitaka liingie kwenye kumbukumbu.

"Ninao wangapi hapa? Getruda."

Hakuna aliyenitazama. Hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa.

Sasa nitaungama jinsi nilivyofikiri, kwa utaratibu ule ule, maana nilikuwa na dakika moja au chini yake.

Kwanza, mama mkwe wangu hakuwa mwongo. Pili, fedha ziliingia nyumbani kwangu Jumatano tarehe 14 Julai, na mimi sikuziona. Tatu, katika nyumba ile mlikuwa na watu watatu, na mmoja alikuwa na miaka minne.

Nne, sweta. Sweta la kahawia lilinunuliwa Makambako Jumamosi ya tarehe 17, siku tatu baada ya noti kuingia. Bei shilingi sita. Getruda aliniambia ni fedha ya mayai. Mimi, niliyemdai kila mtu risiti hata ya kibiriti, sikuuliza mayai mangapi.

Nilikuwa nimeyaamini mambo yanayohesabika maisha yangu yote. Haya yalihesabika. Yote yalielekea upande mmoja.

Mwanamke aliyekula fedha ya watoto angesimamishwa Jumapili badala yangu. Mama yake alikuwa amesimama dirishani, anasikia kila neno. Na yule mama alikuwa ameuza magome yake yote ili mjukuu wake asinyeshewe.

"Nilizipokea mimi," nikasema nikiutazama ukuta.

Kiti cha mchungaji kililia.

"Rudia," akasema Mzee Efraimu.

"Mke wangu aliniletea fedha siku ile ile. Nilizipokea. Sikuziandika."

"Ulituambia hukuzipokea. Hapa, kabla Mika hajaingia."

"Nilisema uongo."

"Ziko wapi?"

"Nimezitumia."

"Kwa nini?"

Nikasema nilikuwa na shida. Hakuuliza shida gani, na nadhani hapo ndipo aliponihurumia.

Dirishani mama akasema maneno matatu, polepole, kwa mchungaji na si kwangu.

"Basi, nimesikia mchungaji."

Nikasikia miguu yake ikiondoka kwenye majani. Hakurudi upande wa kina mama. Alishika njia ya kwake.

Wazee walinitoa nje, wakanirudisha baada ya muda. Hukumu aliitoa Mzee Efraimu kwa mdomo tu, maana aliyepaswa kuiandika nilikuwa mimi.

"Mtu mwenye shida aliyekula fedha ya kanisa," akasema, "huyo tunamjua. Anatengwa, anatubu, analipa kidogo kidogo, anarudi. Jumapili utasimama mbele ya usharika na kuyasema haya haya. Utakaa nje ya meza ya Bwana miezi mitatu. Utalipa shilingi tano kila mwezi kwa miezi minane. Nyumba utabaki nayo, na watoto utarudishiwa ukimaliza. Nashukuru kwamba umezila, mwalimu. Nasema kweli. Ungekuwa unazo mkononi, umezificha, na kutuacha tumtume mtu Kifanya na kumsimamisha mama yako dirishani, nisingekuachia hata ufunguo wa kabati."

Mzee Methusela akaitikia kwa kichwa. Akasema shida inamfika kila mtu, na kwamba yeye mwenyewe bado ana jogoo wa kumlipia.

Mchungaji Hezekia alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani hakuniamini, na nadhani aliona hana neno la kunikanusha.

"Wewe ndiye karani," akasema mwishowe. "Andika."

Nikachukua kalamu. Mwandiko wangu ni mzuri. Hilo nilifundishwa na kuchapwa kwa ajili yake. Niliandika: "Mwalimu Manase amekiri mbele ya Baraza kwamba alipokea shilingi arobaini kutoka kwa mkwe wake, kwa mkono wa mkewe, na kwamba hakuziandika bali alizitumia kwa mahitaji yake."

Miaka sita nilikuwa nimeandika kumbukumbu za Baraza lile. Sentensi hiyo ndiyo ya kwanza niliyoiandika nikijua si kweli. Hakuna hata herufi moja iliyotetemeka.

*

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya miwati. Njiani nilipiga hesabu. Shilingi tano kwa miezi minane. Tungekunywa uji bila sukari mpaka Aprili. Inawezekana. Nilifika uani karibu na furaha, kama mtu aliyetoka kwa daktari akiambiwa atakatwa kidole na si mkono.

Getruda alikuwa amekaa kizingitini anapukuchua mahindi, na Tabea alikuwa ndani akicheza na magunzi. Nikakaa kando yake, jambo ambalo si desturi yangu.

"Mama Tabea, lile neno la kanisa," nikasema. "Limekwisha. Usiogope tena."

Akaacha kupukuchua.

"Neno lipi?"

"Lile ulilotaka kuniambia. Najua. Nimesema nilizipokea mimi. Tutalipa tano tano. Sitakuuliza ulizifanyia nini."

Alinitazama kama anayemtazama mtu anayeongea usingizini. Kisha akainuka, akakung'uta makapi kwenye khanga, akaingia ndani. Nikamfuata. Alipiga magoti mbele ya debe la mbegu za maharage, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kitambaa cheupe kilichofungwa fundo.

Akakiweka mezani.

"Fundo ni la mama," akasema. "Sijalifungua."

Mimi ndiye niliyelifungua. Lilikuwa limekaza kama fundo la mtu asiyetegemea lifunguliwe haraka. Ndani mlikuwa na noti mbili za shilingi ishirini, zimekunjwa mara nne.

Getruda akaeleza.

Mama yake alitaka risiti yenye jina lake kamili, ili aitunze pamoja na za kodi. Getruda alijua siwezi kuliandika jina hilo. Alijua pia kwamba akinikabidhi fedha na kuniambia "andika", ama ningemvunjia mama heshima ama ningemnyima risiti yake. Alitaka kuniuliza ni nani mwingine katika usharika anayeweza kuiandika. Hilo tu. Swali la dakika moja.

"Nimekuuliza mara tatu," akasema. "Mara tatu umeniambia liishie kanisani."

"Watu wamezungumza kisimani wiki mbili."

"Wamesema themanini na nne zimepotea. Mimi nilijua arobaini hazijapotea. Nilijua ziko kwenye maharage. Ningejuaje kwamba ndizo hizo hizo? Umewahi kuniambia sanduku lina nini?"

Nilimuuliza juu ya sweta. Naungama na hilo. Nilimuuliza.

"Mayai," akasema. "Tisini na sita. Nilikuambia siku ile. Hukuuliza mangapi."

Nikaona amelielewa jambo lote kwa mpigo mmoja: kwamba nilikaa mbele ya wazee, nikasikia jina lake, na katika dakika ile nikamhukumu. Hakulia. Alirudi kizingitini, akachukua hindi, akaendelea kupukuchua.

Nilibaki na noti mbili mezani, na hesabu ambayo haikubali kufungwa.

Nikizipeleka, fedha ya watoto imepatikana na mabati yatanunuliwa. Lakini Baraza lina maneno yangu, kwa mwandiko wangu, kwamba nilizipokea tarehe 14 Julai. Zikitokea leo, sikuzila. Nilizificha, nikawaacha wamtume Mika Kifanya na kumsimamisha mkwe wangu dirishani. Mzee Efraimu alikwisha kusema mtu wa namna hiyo atapewa nini.

Nikisema kwamba sikuzipokea kamwe, nitakuwa nimegeuza maneno yangu mara mbili katika siku moja, na safari hii nitamtaja mke wangu.

Nisipozipeleka, basi kile nilichokiri kimekuwa kweli kuanzia dakika hii.

Nilikuwa nikizitazama noti zile hivyo hivyo, kitambaa kimefunguka, fundo limelegea kando yake, niliposikia Getruda akiitikia salamu uani. Sauti ya aliyesalimu niliijua.

"Yumo ndani?" Mzee Efraimu akauliza. "Nimemletea daftari. Ameandika kila kitu, akasahau kutia sahihi."

Getruda akamwambia asubiri kidogo. Mzee akasema hakai, ni sahihi tu, na kiatu chake nikakisikia kwenye kizingiti.

Nilinyoosha mkono kuchukua kitambaa. Tabea, ambaye katika maisha yake yote hajapata kusikia hodi asiikimbilie, alikwisha kukichukua yeye, noti zikiwa ndani, na alikuwa anakwenda nacho mlangoni kumwonyesha mgeni leso ya bibi.